Jina Nililompa Mwizi wa Ng'ombe

Vijana mnaoingiza sauti kwenye filamu siku hizi mnakaa chumbani na feni, mmevaa vidude vya masikioni, na mkikosea mnafuta mnarudia. Sisi hatukuwa na pa kufutia. Neno likitoka kwenye maikrofoni limetoka, limeingia masikioni mwa watu waliotoka mnadani na vumbi lao, na kabla jua halijazama limefika vijiji vyote vya njia ya Dutwa. Kazi hiyo ya kusimulia filamu bandani nimeifanya tangu nina nywele mpaka mwaka huu, daktari aliponiambia koo limekwisha na nisimbishie. Mmeniomba niandike mpate la kujifunza. Haya. Ila sitaandika nililipwa nini wala nani alinisifu, hayo hayamfundishi mtu. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na kosa langu moja ambalo nusura limnyime mtu watu wa kumsaidia kumzika mama yake.

Nilianzia kwenye banda la Mama Limi, pale senta ya Dutwa. Mama Limi alikuwa muuza mchele aliyechoka na mchele. Akanunua televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la udongo lenye paa la bati, madirisha akayaziba kwa magunia ya pamba ili giza lipatikane mchana. Mimi nilikuwa fundi baiskeli nje ya banda hilo. Mkalimani wake alikuwa Mzee Sitta, ambaye zamani alizunguka vijijini na gari la sinema. Alikuwa hana meno ya mbele, kwa hiyo kila mtu kwenye filamu zake alikuwa akipiga mluzi kidogo akisema.

Siku moja ya mnada Mzee Sitta aliamka na homa. Banda limejaa, watu wanapiga miguu chini. Mama Limi akatoka akanikuta nimeshika pampu.

"Jilala, wewe si ulimaliza la saba?"

"Nilimaliza, mama."

"Basi Kiingereza unacho. Njoo."

Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa kile cha kumwamkia mwalimu asubuhi, tena kwa pamoja na darasa zima. Lakini ukiwa na umri ule na watu wote wale wanakungoja, unajikuta umeshika maikrofoni. Filamu ilikuwa ya kauboi. Wanaume watatu wanakuja juu ya farasi, vumbi, kofia, wanaongea mdomo haufunguki. Nilinyamaza muda mrefu mpaka mtu akauliza kwa sauti, "Mkalimani amekufa?" Nikaona niseme lolote. Nikasema, "Hawa ni wanaume watatu wanatafuta ng'ombe wao walioibiwa."

Banda likatulia tuli. Kumbe walikuwa wanakwenda kuvunja benki! Nililijua hilo baadaye sana, walipoingia na bastola na kuanza kukusanya fedha. Maji yalikuwa yameshamwagika. Benki nikaifanya ofisi ya vibali vya kusafirishia mifugo, na yule karani wa dirishani nikamfanya mla rushwa aliyewauzia wezi kibali. Alipopigwa kofi banda zima lilisimama. Wazee wawili walinifuata mwisho wakanishika mkono, wakasema hawajawahi kuona filamu ya kweli namna ile.

Mzee Sitta alipopona aliniita. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Nimesikia umefasiri benki ikawa ofisi ya mifugo. Vizuri. Lakini umeongea farasi wakikimbia. Farasi wakikimbia, nyamaza." Huyo ndiye mwalimu wangu, na hilo lilikuwa somo la kwanza. Nikamuuliza, mzee, na Kiingereza je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za afya ya jirani. "Mimi nilikuwa dereva," akasema.

Alinifundisha kukaa na filamu peke yangu asubuhi, sauti imezimwa, niangalie mikono. Mtu mwongo anashika kofia yake. Mwenye deni anaangalia mlango. Mwanamke anayempenda stelingi, yule shujaa wa filamu, anamkaripia kwanza. Alinifundisha pia kumpa kila mtu jina la hapa kwetu, kwa sababu watu hawawezi kumhurumia mtu wanayemwita "yule mrefu". Tulifanya hivyo kwenye kila filamu. Sherifu alikuwa Kamanda Masunga. Mwenye baa alikuwa Mangi, popote pale alipo.

Vifaa navyo mvijue, maana nyinyi mkiambiwa kanda mnadhani ni ya wimbo. Kanda ya video ilikuwa kubwa kama tofali dogo, na adui yake mkuu hapa kwetu ni pamba. Msimu wa pamba, nyuzi zile zinaruka hewani zinaingia kwenye deki, picha inaanza kunyesha theluji, na watu wanadhani ndiyo hali ya hewa ya Amerika. Nilikuwa nafungua deki nasafisha kichwa chake kwa spiriti na karatasi nyeupe, taratibu, huku nasimulia kwa mdomo yale yatakayofuata ili watu wasidai kurudishiwa kiingilio. Maikrofoni niliizungushia leso. Maji ya tangawizi ya vuguvugu, kamwe si soda baridi. Mvua ikipiga bati nilinyamaza, maana hakuna koo linaloshinda bati.

Filamu za karate zilileta vijana wa baiskeli. Za Kihindi zilileta kina mama. Lakini kauboi zilileta wenye ng'ombe, na wenye ng'ombe wa Simiyu wakikaa kwenye benchi huwezi kuwadanganya kwenye mambo mawili: ng'ombe na nyayo. Walikuwa hawaangalii stelingi hata kidogo. Wanaangalia pembe. "Hii jike ya kushoto imekonda, wamewanyima chumvi." "Ng'ombe wote hao na hakuna hata kibuyu kimoja cha maziwa! Hawa watu wanakunywa nini?" "Wiski," najibu. "Ndiyo maana wanapigana." Na mtu akipiga chapa ndama kwa chuma cha moto wote wanavuta pumzi kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja amekwisha kushika chuma hicho.

Kuna moja niliipenda kuliko zote, ya mkulima anayezungushia shamba lake waya wa miiba na wafugaji wanaoukata kila asubuhi. Hiyo niliionyesha mpaka kanda ikakatika nikaiunga kwa gundi ya karatasi. Nusu ya banda ilikuwa upande wa mkulima na nusu upande wa wafugaji, na mara nyingi ni mtu yule yule, maana hapa kwetu mtu ana pamba upande huu na ng'ombe upande ule. Niliipenda pia ya mzee anayepeleka kundi lake la mwisho kuliuza kwenye kituo cha treni. Hakuna hata risasi moja mpaka mwisho. Mzee anashuka kwenye farasi, anampiga fahali mgongoni mara mbili, anaondoka. Wanaume wazima walikuwa wakitoka pale wanafikicha macho na kulaumu moshi wa jenereta.

Na zile za wenyeji wa Amerika, wenye manyoya kichwani. Mwanzoni niliwaita adui kama Mzee Sitta alivyowaita. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mayu Kabula, mayu kwetu ni mama, aliyekuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu benchi lilimuumiza nyonga. Alikaa karibu na mlango. Siku moja akaniuliza katikati ya vita, "Mwanangu, hawa wenye manyoya walikuja lini?"

"Walikuwepo, mayu. Ndio wa pale."

"Na hawa wenye kofia?"

"Wamekuja."

"Sasa adui ni nani?"

Watu wakacheka, lakini mimi swali lilinikaa. Tangu siku hiyo nikageuza, stelingi akawa yule aliyekuwepo kwanza. Tatizo lake ni kwamba mwishoni anashindwa, na filamu huwezi kuibishia. Nilikuwa nasema wamerudi nyuma kidogo kujipanga.

Mayu Kabula alikuwa mama yake Makoye, na Makoye ndiye habari yenyewe.

Nyinyi wa mjini pengine mmesahau, kwa hiyo nieleze. Ngoma zetu zina makundi mawili, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno wanashindana, na kushindana kwenyewe ni kwa nyimbo za kutukanana mpaka mshipa wa shingo usimame. Mgalu na Mgika wakikutana sokoni hawasalimiani kama watu wengine. Wanaanza na tusi. Usipotukanwa, ujue kuna jambo. Mimi ni Mgalu. Makoye alikuwa Mgika, mchuuzi wa ng'ombe, mwenye kofia kubwa ya ngozi na kicheko kinachosikika ng'ambo ya barabara. Tulikuwa marafiki tangu kuchunga ndama. Kila siku ya mnada alikuwa wa kwanza benchi la mbele, na kabla sijafungua mdomo atasema, "Haya Mgalu, tudanganye." Nami nitasema, "Leo filamu inahitaji akili, Makoye, wewe nenda ukauze mbuzi."

Basi mwizi yeyote wa ng'ombe kwenye filamu zangu nikampa jina la Makoye. Ilikuwa lazima. Mwizi wa ng'ombe siku zote ana kofia kubwa kuliko wenzake. Akitokea tu, banda linapiga kelele, "Makoye!" na Makoye mwenyewe anajibu, "Niko kazini, msinisumbue!" Akipigwa risasi, Makoye anadai mimi ndiye niliyemsaliti. Miaka ilikwenda hivyo, na Mayu Kabula kwenye kigoda chake alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Ikaja filamu ya mjane. Mjane ana ng'ombe, mwizi anakuja na watu wake, anawaingiza ng'ombe mtoni ili nyayo zipotee, anawatoa kwingine, anawaficha kwenye bonde jembamba. Nami siku hiyo nilikuwa na raha. Nikasema mto ule ni wa kwetu, nikautaja. Nikasema Makoye anawatokezea pale penye mawe, anawaficha nyuma ya uzio wa minyaa wa mjomba wake. Minyaa ya mjomba wake kila mtu anaijua. Banda lilicheka mpaka bati likatetemeka.

Haikupita muda, kuelekea msimu wa kulima, mjane mmoja wa kijijini kwao Makoye akaibiwa maksai wanne. Sisemi ya filamu sasa, nasema ya kweli. Maksai wa kulimia, msimu umefika, watoto wadogo. Yowe likapigwa, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakafuata nyayo. Nyayo zikaingia mtoni. Zikapotea. Walipotafuta mahali zilipotokea, ikawa ni pale pale penye mawe.

Kwetu mtu akitaka kusema jambo zito haliweki mezani hivi hivi, analiweka kwenye wimbo. Wote tunajua hivyo tangu utoto. Kwa hiyo watu walikumbuka maneno yangu na hawakukumbuka kwamba walicheka. Walisema, "Jilala alijua. Alitufumbia, sisi tukawa wajinga."

Nikaitwa kwenye dagashida, mkutano wa kijiji wa kimila, wanaume wote wamekaa chini uwanjani, asubuhi. Makoye amekaa mbele, kofia ameiweka magotini. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliponiona alinikonyeza, kana kwamba anasema, Mgalu, leo umeyakoroga. Mtemi wa sungusungu alikuwa Mzee Lugembe, mtu wa maneno machache. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Jilala, yale ya mto na mawe na minyaa. Ulikuwa unatunga, au kuna kitu unakijua?"

Swali jepesi kabisa. Jibu lake ni neno moja.

Lakini hebu fikirini. Nikisema nilitunga, wataniuliza, na mengine? Na kituo cha treni? Na ofisi ya vibali? Watu wale walikuwa wakiniita mkalimani barabarani. Wazazi walikuwa wanawaonyesha watoto wao, "Soma uwe kama yule, anasikia Kizungu moja kwa moja." Walikuwa wakiniletea barua za mashirika niwasomee, nazipeleka kwa mwalimu kwa siri, narudi na majibu. Mama Limi mwenyewe hakujua. Nikaona yote hayo yanaanguka pale uwanjani. Na nikajiambia, Makoye hajaiba, kila mtu anamjua, hawatamfanya kitu.

Nikasema, "Mimi situngi, mzee. Mimi ni mkalimani."

"Kwa hiyo unakijua kitu."

"Sina la kuongeza."

Makoye akaacha kutabasamu. Mzee Lugembe akageukia watu, akasema shahidi anaogopa. Wakamtenga Makoye. Kutengwa kwetu ni hivi: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto wala chumvi, hakuna wa kununua kwako wala kukuuzia, na ukifiwa hakuna anayeshika jembe. Anayevunja naye anatengwa. Ilikuwa mpaka aseme maksai waliko, na asingeweza kusema asichokijua.

Nilirudi Dutwa nikaendelea na kazi. Ndiyo, niliendelea. Benchi la mbele lilikuwa na nafasi na hakuna aliyeikalia. Nilionyesha za karate. Nikimwona Makoye barabarani anapita na jembe begani, mchuuzi wa ng'ombe sasa analima kwa mkono kwa sababu hakuna wa kumkodisha maksai, nilikuwa naingia ndani kurekebisha jenereta ambayo haikuharibika. Mama Limi alinikuta humo mara mbili. Mara ya pili akasema, "Hiyo jenereta utaiua." Hakusema zaidi, lakini nililiona jicho lake.

Wiki zikapita. Asubuhi moja mama mmoja muuza nyanya akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema jambo lisilomhusu, "Mayu Kabula amefariki jana. Mwanawe anachimba kaburi peke yake."

Nilikuwa nakunywa uji. Niliuweka chini. Ile ardhi ya kwetu ukishapita udongo wa juu ni ngumu kama sakafu, kaburi linataka wanaume sita wakipokezana. Niliona aibu. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Nikachukua baiskeli ya mteja iliyokuwa bado haijakazwa breki, nikaenda nayo hivyo hivyo mpaka kwa Mzee Lugembe.

Alikuwa anapiga mswaki. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Mhola, kwema?"

"Si mhola. Piga yowe, watu waje. Nina neno, na ni neno la leo."

Akatema maji. "Lile uliloficha?"

"Lile lile."

Watu wakaja mbio na mikuki na marungu wakidhani ni wezi. Walipokusanyika nikasimama. Nikasema, "Sijui Kiingereza."

Hakuna aliyeelewa. Mzee Lugembe akasema, "Sema neno lenyewe."

"Ndilo hilo, mzee. Sijui Kiingereza. Sijawahi kukijua. Filamu zote nilizowasimulia nimetunga. Mto nilitunga, mawe nilitunga, minyaa niliitaja kwa sababu inachekesha. Sikusikia kitu kuhusu Makoye kwa mtu yeyote. Nilidanganya hapa uwanjani kwa sababu niliona aibu kuitwa mjinga."

Mmoja akasema ninamwokoa rafiki yangu tu, na hilo lilikuwa neno la maana. Mzee Lugembe akamwita mwalimu wa shule ya msingi, akamwambia, "Mjaribu." Mwalimu akasogea mbele, akaniuliza kitu kirefu kwa Kiingereza, taratibu, kama anamwuliza mtoto. Nilijikaza. Nikajibu, "Yesi."

Mwalimu akawageukia watu. "Nimemwuliza mama yake anaitwa nani."

Basi wakacheka. Nimechekwa mara nyingi kwa kazi yangu, lakini kicheko kile nakisikia hata leo nikinawa uso. Mzee Lugembe peke yake hakucheka. Akasema, "Tumemtenga mtu kwa ajili ya mwongo. Chukueni majembe."

Tulikwenda wote. Makoye alikuwa amefika kiunoni, shati limelowa, mikono imechubuka. Alipotuona alisimama tu. Wanaume wakashuka shimoni bila kusema, wakamtoa juu, wakaendelea. Mimi nilichimba mpaka nilipoambiwa nitoke. Msibani kwetu Bagalu na Bagika wanataniana hata maiti ikiwa ndani, ndiyo heshima yenyewe, kumfanya mfiwa acheke kidogo. Nilipompa mkono nilingoja. Nilitaka aniite mwongo, mchawi, fisi, chochote. Nilikuwa nakihitaji.

Makoye alinishika mkono kwa mikono miwili. "Asante kwa kufika, Bwana Jilala," akasema.

Maksai walikuja kusikika baadaye, wameuzwa mbali kwa watu wasiojua kwetu kuna mto gani. Wawili wakarudishwa. Makoye akarudi mnadani, watu wakamwomba radhi, akawasamehe, akataniana na Bagalu wote kama zamani. Isipokuwa mimi. Mimi alinisalimia vizuri. Habari za asubuhi, Bwana Jilala. Watoto hawajambo? Namshukuru Mungu. Hakuna siku alinipita bila salamu, na hakuna siku alinitukana. Tukikutana buchani, alinipisha kwenye foleni. Hakukanyaga tena bandani. Mama Limi aliniuliza, "Mbona anakuheshimu hivyo?" Nikamwambia ndiyo adhabu yenyewe.

Kuhusu kazi, nilidhani imekwisha. Siku ya mnada iliyofuata banda lilikuwa na watu watano, na wawili walikuwa wanakwepa jua. Iliyofuata wakarudi wote. Mzee mmoja alinieleza walivyoamua: "Tulikuwa tunamsifu Mzungu kwa maneno yako. Sasa tunajua ni ya nani." Tangu hapo nilisimulia wazi wazi, na kwa kweli nilisimulia vizuri zaidi. Lakini mwizi wa ng'ombe hakupata tena jina kwangu. Sherifu ana jina, mjane ana jina, hata farasi ana jina. Yeye nilimwita mwizi, basi. Hilo nawaambia nyinyi kama somo la kazi: kabla hujampa mtu wa kwenye filamu jina la mtu aliye hai, jiulize kama utakuwa na ujasiri wa kulitetea uwanjani.

Bariadi ilipokuwa makao makuu ya mkoa, Mama Limi alihamia mjini na banda, nami nikamfuata. Deki ikaondoka, ikaja sahani ya DVD, ikaja flashi. Wateja wakahamia kwenye simu zao. Siku za mwisho nilikuwa nasimulia kauboi kwa wazee wachache na vijana wa bodaboda wanaongoja abiria. Koo likaanza kukatika katikati ya sentensi. Daktari akasema alichosema.

Mama Limi, ambaye sasa anatembea kwa fimbo lakini amri bado anazo, akaamua niage kwa filamu moja, Jumamosi mchana. Watu wa Dutwa walipakiwa kwenye kibasi. Nilikuwa najaribu spika nilipomwona Makoye anashuka, mzee kabisa, kofia nyingine lakini kubwa vile vile. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Habari za siku nyingi, Bwana Jilala."

"Nzuri, Bwana Makoye. Karibu."

"Ahsante. Pole na koo."

Akaenda akakaa benchi la mbele. Tangu tulipomzika mama yake hakuwa amekaa pale.

Filamu ilikuwa ya ng'ombe, ya zamani, rangi zimepauka. Nilisimulia vizuri mpaka katikati. Kisha akatokea yule mtu, kama wanavyotokea siku zote, nyuma ya mwamba, kofia imefunika macho. Nikasema, "Na huyu hapa ni mwizi."

"Anaitwa nani?"

Ilikuwa sauti ya Makoye. Wazee wa Dutwa wakageuka wote kwa pamoja. Vijana hawakujua kitu, waliendelea kula karanga.

Nikasema kwenye maikrofoni, "Huyu hana jina."

"Hana jina! Mgalu, umezeeka mpaka umekuwa mvivu? Filamu nzima watu wana majina, hata farasi! Mama yangu alicheka miaka mingi kwenye kigoda chake kwa sababu ya mwizi yule, halafu wewe ukamnyang'anya na kukaa naye. Nimekuja Bariadi kumchukua. Nirudishie mwizi wangu."

Kwenye picha yule mtu alikuwa anafungua zizi. Ng'ombe wanaanza kutoka mmoja mmoja. Nilisogeza maikrofoni karibu nikasema, "Huyu anaitwa Makoye. Ni Mgika, na anaiba usiku kwa sababu mchana anaogopa mke wake."

Banda lililipuka. Nilitaka kuendelea, kulikuwa na mto mbele na ng'ombe walikuwa wanaukaribia, lakini sauti ilikatika, na safari hii halikuwa koo. Nikasimama pale nimeshika maikrofoni, machozi yananitoka mbele ya watu. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza kama mzee anaumwa.

"Hapana," Makoye akamwambia, huku anadokoa karanga za kijana huyo. "Bagalu wote wako hivyo. Mwache alie, wewe angalia ng'ombe."